Felícia Alizaliwa Lini?

Ukurasa haukuwepo.

Leocádio Pimenta alikifunua kitabu cha ubatizo mbele, akakirudisha nyuma, akakifunua tena taratibu. Julai 1894 ilikuwepo. Septemba 1894 ilikuwepo. Agosti ilikuwa imekwenda zake. Njiti ya meno aliyokuwa akiitafuna tangu asubuhi ikakatika mdomoni, akaitema kiganjani na kutoa nyingine mfukoni. Alikuwa ameacha sigara tangu Kwaresima na bado mikono yake haikujua ikae wapi.

"Haiwezekani," alisema Mercês, katibu wa parokia, akiinama juu ya bega lake. "Kitabu hiki hakitoki humu ofisini. Hata askofu akikitaka, anakuja kukisomea kwenye kiti hicho hicho."

"Kitabu hakikutoka. Ukurasa ndio uliotoka."

"Mama Mtakatifu Ana wee! Padri ataninyonga."

Leocádio alikuwa amefanya kazi ya upelelezi katika polisi ya Belo Horizonte mpaka alipostaafu, na sasa aliishi kwa kutafuta wafu. Watu wa mjini waliotaka babu wa Kiitaliano ili wapate pasipoti ndio waliomlisha. Wafu, alipenda kusema, wana uzuri mmoja, hawabadilishi maelezo. Ila shauri hili la mji mdogo wa Rosário da Serra Fria halikuwa la pasipoti, na ndiyo maana goti lake halikutulia chini ya meza.

Kesho asubuhi mahakama ingeamua kama mteja wake Bibi Querubina Lobo, mwenye miaka themanini na kitu, abaki kwenye kijishamba chake cha Grota Funda au afungashe virago. Kapteni Januário Teles, aliyekuwa mwenye ardhi yote ile, alikufa mwaka 1892 bila mke wala mtoto anayejulikana, akaacha wosia wenye mstari mmoja uliowatia jamaa zake homa: Grota Funda pamoja na chemchemi yake iwe ya kizazi changu kilichozaliwa na Generosa. Jina la mtoto hakulitaja. Generosa alikuwa mtumwa wake mpaka utumwa ulipofutwa mwaka 1888, kisha akabaki jikoni kwake akiitwa mpishi.

Bibi Querubina alisema mtoto huyo ni Felícia, bibi yake mzaa mama. Wajukuu wa ndugu za Kapteni, ambao walikwisha kuiuza ardhi yote kwa kampuni ya mikaratusi, walisema mtoto wa aina hiyo hakuwahi kuzaliwa. Tena walikuwa na cheti cha ofisi ya vizazi na vifo: Agosti 1894, Felícia, amezaliwa juzi, binti wa Generosa na mumewe Sebastião Lobo, mchunga nyumbu. Agosti 1894 Kapteni alikuwa na miaka miwili kaburini, na maiti hazai.

Lilibaki kanisa. Huenda padri wa zamani aliandika jambo ambalo karani wa serikali hakuliandika. Kulikuwa pia na kitu kidogo kilichomkera Leocádio kama kokoto kiatuni: Generosa alikuwa mshika bendera wa Chama cha Rozari, mtu wa misa asubuhi na jioni, lakini yeye na Sebastião walioana kwa karani wa serikali tu. Ndoa yao ya kanisani alikuwa ameitafuta katika vitabu vya parokia tatu bila kuiona.

Alimulika mshono wa kitabu kwa tochi ya simu.

"Wembe," alisema Mercês.

"Wembe ungeacha ukingo mkali. Huu ni laini, umetoa manyoya. Karatasi ililoweshwa kwanza." Aliinua kwa ncha ya njiti kiuzi cheupe cha pamba, kifupi kama ukope. Alikuwa ameona ukingo wa namna hii mahali fulani, tena si zamani. Alifumba macho, lakini kumbukumbu ikakataa kuja. "Nani amekikalia kitabu hiki siku hizi?"

"Wewe ulikuja Alhamisi ukakuta tumefunga, ukaondoka unatukana. Nilikusikia, nilikuwa dirishani."

"Baada ya mimi."

"Dokta Evandro, wakili wa wale matajiri. Aliandika barua ya kukiomba, nikakitoa kabatini mapema kikamsubiri mezani. Akaja Jumatatu."

"Ulikaa naye?"

Mercês alijishika shavu. "Simu ililia, Bwana Leocádio. Dada yangu wa Uberaba, unajua mtu akiwa na mdomo. Nilimwacha peke yake."

"Na mwingine?"

"Hakuna. Labda Bibi Querubina, alipita Ijumaa kuleta kitambaa kipya cha altare. Lakini yule ni mtu wa nyumbani. Nilimpa glasi ya maji, akapumzika hapo, mimi nikaenda kukitandika kitambaa. Kizuri hicho! Kafuma zabibu na ngano, macho yenyewe yale."

Leocádio alikwisha kusimama. Masikio yake yalikuwa yamenasa jina la wakili na simu ya Uberaba, na hayo mengine yakampita.

Dokta Evandro Fontoura aliitwa dokta kama mawakili wote wa mji ule, ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Alikuwa kwenye duka la mikate la uwanjani, mbele yake kahawa na kikapu cha mikate ya jibini, na alimvutia Leocádio kiti kwa mguu.

"Mzee wa mizimu! Karibu. Mikate bado ya moto."

"Ukurasa uko wapi, Dokta?"

"Hata salamu?"

"Jumatatu uliachwa peke yako na kitabu. Leo kitabu kina pengo."

Evandro alicheka, akafuta vidole kimoja kimoja. "Ulikuwa polisi kweli, au ulikuwa unawapikia chai? Fikiri, kaka. Wateja wangu wanasema Felícia alizaliwa Agosti 1894, mtoto halali wa mchunga nyumbu. Ukurasa wa Agosti 1894 ungesema nini? Hayo hayo, kwa mkono wa padri. Ule ulikuwa mkate wangu. Nani anautupa mkate wake kabla hajaumega?"

"Kama ukurasa uliandikwa kitu kingine je?"

"Basi ningeupiga picha kwanza ndipo nijue pa kuuficha." Alitoa simu, akaisukuma mezani. Pichani lilikuwepo pengo lile lile, na saa ya ukutani ya parokia nyuma yake. "Niliukuta umekwisha kwenda. Sikumwambia Mercês, angelia mpaka mji mzima usikie. Nitamwambia hakimu."

"Utamwambia nini?"

"Nitauliza swali moja tu. Nani alikuwa anauogopa?"

Leocádio aliacha kutafuna njiti. Lilikuwa swali zuri, na ilimuudhi kwamba alilisikia kutoka kwa mtu yule. Aliutazama mkate wa jibini ulioko mbele yake bila kuugusa. Kuuogopa ukurasa wa Agosti 1894 kulihitaji mtu ajue kwanza kwamba kuna cheti cha Agosti 1894. Wakili alikijua, maana ni chake, wala hakuwa na la kuogopa. Leocádio alikijua. Na Alhamisi, baada ya kukuta parokia imefungwa, alikuwa amekwenda Grota Funda akaiweka nakala yake juu ya meza ya jikoni na kuisoma kwa sauti.

Siku ile Bibi Querubina alikuwa akitenganisha karatasi za ruwaza zake za kufumia. Aliloweka uzi katika glasi ya maji, akaulaza kwenye kunjo la karatasi, akangoja kidogo, akavuta. Karatasi ikaachana bila mkasi na bila kelele.

"Umepatwa na nini?" aliuliza Evandro. "Umekuwa kijivu."

"Mikate yako ina chumvi," alisema Leocádio, akatoka.

Alizunguka uwanja mara mbili kama mbwa aliyefungiwa nje. Mteja wake mwenyewe! Kesho wakili angeliinua pengo lile mbele ya hakimu, na kila neno la Bibi Querubina lingegeuka uongo, la kweli na lisilo la kweli. Alimkasirikia bibi, kisha akajikasirikia yeye, maana ndiye aliyempelekea hofu ile mpaka mezani akamwacha nayo. Kumkabili sasa kungemletea machozi tu. Kama palikuwa na kitu cha kumwokoa, kilikuwa katika kile cheti chenyewe, maana hoja yote ya upande wa pili ilisimama juu ya tarehe moja.

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa upande wa pili wa kanisa, na karani, mwanamke mwenye miwani mikubwa na kicheko cha karibu, alimletea kitabu cha 1894 huku akilalamika uzito wake.

Leocádio hakumtafuta Felícia. Alihesabu. Mei, watoto watano. Juni, sita. Julai, wanne. Agosti, thelathini na mmoja.

"Dada," aliita, "Agosti ya mwaka huo mji huu ulipatwa na nini?"

Karani alichungulia. "Yesu wangu! Karnivali labda?"

"Karnivali ingetuletea watoto wa Novemba."

"Kweli, hesabu inakataa." Alivua miwani akacheka. "Basi labda ni mvua za Novemba."

Leocádio alirudi nyuma ukurasa mmoja. Mwishoni mwa Julai, kwa mwandiko wenye madoido, karani mpya wa wakati ule alikuwa amebandika nakala ya tangazo lake: kuanzia siku ya kwanza ya Septemba, kila mzazi aliyechelewa kumwandikisha mtoto angetozwa faini bila huruma. Chini yake walifuata wote thelathini na mmoja, kila mmoja amezaliwa jana, au juzi, au wiki hii.

"Walikuja mbio," alisema Leocádio. "Kila baba aliyekuwa na mtoto asiyeandikwa alikuja kuapa kwamba kazaliwa juzi. Mtoto mwenyewe yuko nyumbani anakimbiza kuku."

"Na karani hakutaka kumwona?"

"Alitaka kitabu kijae."

"Hilo hata si ajabu," alisema karani. "Baba yangu mimi kazaliwa mara mbili. Mara ya kwanza na bibi, mara ya pili na serikali, miaka mitatu baadaye. Mpaka leo tunamkatia keki mbili, na zote anazimaliza."

Leocádio alikuwa ameyajua mambo hayo maisha yake yote. Kila nyumba katika milima ile ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Lakini cheti kilikuwa na muhuri, na wakili alikuwa na sauti, naye akakubali kuburutwa. Alitamani kujipiga kofi. Kitabu cha ubatizo kilikosa ukurasa mmoja tu, na ukurasa mmoja wa padri yule ulibeba watoto sita. Waliobaki kati ya wale thelathini na mmoja hawakuwa wamebatizwa Agosti hata kidogo, walibatizwa zamani, wakati walipozaliwa kweli. Wakili aliupigania ukurasa na bibi akauchana, wote wawili kwa kuiamini serikali.

"Tunafunga," alisema Mercês alipomwona Leocádio amerudi parokiani.

"Nifungie humo humo ndani."

Alianza 1893 akirudi nyuma. Mercês alivua viatu, akavivaa tena, akamwekea kahawa ambayo hakuinywa. 1892. 1891. Mwaka 1890 ulikuwa umeliwa na mchwa pembeni, naye akamulika kila tundu kwa tochi. Njiani alikuwa akikutana na Kapteni Januário kila baada ya kurasa mbili tatu, maana Kapteni alipenda kura kuliko chakula, na ili azipate alikuwa baba wa ubatizo wa watoto wote wa wafanyakazi wake. Baba wa ubatizo, Kapteni Januário Teles. Baba wa ubatizo, Kapteni Januário Teles. Mpaka alipofika Julai 1889 na kidole chake kikakwama.

Alisoma kwa sauti. "Nimembatiza na kumpaka mafuta matakatifu Felícia, mwenye umri wa wiki tatu, binti wa Generosa, mwanamke huru, asiyeolewa. Baba wa ubatizo, Sebastião Lobo. Mama wa ubatizo, Bikira Maria wa Rozari. Taji lake lilishikwa na Kapteni Januário Teles."

"Jina la baba halipo," alisema Mercês kwa huzuni. "Pole, Bwana Leocádio."

Lakini Leocádio alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

Desturi ile aliijua kwa ngozi yake. Mtoto akikosa mama wa ubatizo, au nyumba ikiwa na nadhiri, Bikira mwenyewe hupewa kazi hiyo, na mtu mmoja hulishika taji la sanamu na kuligusisha kwenye kichwa cha mtoto kwa niaba yake. Yeye alibatizwa hivyo, taji likashikwa na shangazi, na mpaka leo akichelewa kumpigia simu shangazi huambiwa kwamba mama yake wa ubatizo amenuna huko mbinguni.

"Mercês, mshika taji anakuwa nani kwa mtoto?"

"Si mtu. Ni mkono tu."

"Na baba mzazi anaweza kuwa baba wa ubatizo wa mwanawe?"

"Kanisa linakataa tangu enzi. Hata mtoto wa katekisimu anajua."

"Basi msome tena Sebastião."

Mercês alisoma. Midomo yake ikaacha kusogea.

"Ndiyo maana hawakufunga ndoa kanisani," alisema Leocádio. "Enzi hizo baba wa ubatizo hakuruhusiwa kumwoa mama wa mtoto. Na huyu mwingine, aliyesimama mbele kwa kila mtoto wa shamba lake, siku moja tu anajisogeza pembeni na kuomba taji. Siku moja, Mercês. Nitafutie nyingine humu nikununulie friji."

Huko Grota Funda alimkuta Bibi Querubina akichambua maharage mlangoni pa jiko, chemchemi ikisikika nyuma ya migomba. Alikuwa mwembamba, mweusi, kitambaa cheupe kichwani. Alimwona Leocádio akiacha mlango wa gari wazi, akaacha kuchambua.

"Umejua," alisema.

"Glasi ya maji, Bibi. Na uzi."

"Kaa kwanza. Unanitia kizunguzungu ukisimama hivyo."

"Siwezi kukaa. Kwa nini?"

"Unaniuliza kwa nini!" Bakuli la maharage likasukumwa kando. "Ulikuja hapa na karatasi yako ukanisomea kwamba bibi yangu kazaliwa mwaka wa tisini na nne. Mimi najua kuhesabu, mwanangu. Kama kazaliwa tisini na nne, basi alinidanganya. Alikuwa ananisuka nywele hapo ulipo, akaniambia, baba yangu ni yule shetani wa nyumba kubwa, lakini maji haya ni yetu. Kila siku ananiambia. Nikaona ukurasa wa padri utasema vile vile, na kesho utasomwa mbele za watu, bibi yangu aitwe mwongo akiwa kaburini na mimi niondoke kwenye maji yake. Nikasema hausomwi."

"Uliuchoma?"

Bibi Querubina aliinuka. Aliingia ndani, akarudi na kopo la bati la nyuzi, akalifungua. Ukurasa ulikuwa chini, umekunjwa mara moja, safi.

"Niliwasha jiko. Nikaushika hivi. Halafu nikaona kuna majina mengi. Ule mwandiko siusomi, lakini herufi kubwa zinaonyesha kwamba ni majina. Ni watoto wa watu wale. Watoto wa watu wengine ningewachomaje?"

Leocádio aliuchukua, akaukunjua, akausoma pande zote mbili. Kisha akaketi juu ya kizingiti kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hayumo," alisema.

"Nani?"

"Felícia. Hayumo humu, Bibi. Uliwachana watoto wa jirani."

Alimweleza yote, faini ya karani, watoto thelathini na mmoja waliozaliwa juzi, Julai 1889, Sebastião, taji. Bibi Querubina alisikiliza bila kupepesa. Alipofika kwenye taji, bibi alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwa hiyo hakudanganya."

"Hakudanganya."

"Na yule akashika taji." Alitema mate pembeni. "Mikono ya kushika taji alikuwa nayo. Ya kumshika mtoto hakuwa nayo. Unajua, maisha yangu yote sikuitaka damu yake. Generosa hakuulizwa kama anamtaka. Nilikuwa nataka maji tu, na kumbe maji hayaji bila huyo mzee."

"Hayaji."

"Basi na aje. Atakaa nje, ndani simwingizi."

Leocádio aliukunja ukurasa. "Sikiliza, Bibi. Naweza kuurudisha kimya kimya. Nitasema niliukuta umeanguka nyuma ya kabati. Vitabu vya zamani huachia kurasa. Kesho Evandro ataongea juu ya pengo ambalo halipo."

"Na wewe utaapa hivyo?"

"Nitaapa."

"Halafu hakimu akuamini ukimwambia habari za taji?" Bibi Querubina aliunyakua ukurasa mkononi mwake. "Wewe mwerevu lakini una haraka. Lete gari saa ya misa. Nitavaa gauni la bluu."

Usiku ule Leocádio hakulala vizuri, na asubuhi alimaliza pakiti nzima ya njiti kabla ya kufika mahakamani.

Hakimu Eponina Sarmento alikuwa mwenyeji wa milima ile, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Mercês alikuwa amekileta kitabu kikiwa kimefungwa katika shuka, kwa idhini ya padri iliyopatikana kwa machozi. Evandro alisimama mapema, akaonyesha picha ya pengo, akauliza swali lake kwa madaha. Nani alikuwa anauogopa ukurasa ule?

"Mimi," alisema Bibi Querubina.

Alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Chumba kizima kikageuka.

"Niliuchana mimi, mheshimiwa, kwa uzi na maji. Ni kosa, adhabu yake nitaibeba. Huu hapa."

Evandro hakuweza kuificha furaha yake. "Mheshimiwa, amekiri mwenyewe! Naomba niusome, mahakama isikie alichotaka kukizika."

"Soma," alisema hakimu.

Evandro aliushika ukurasa kwenye mwanga. "Torquato," alisoma kwa sauti ya jukwaani, "mtoto wa Belmira. Ambrosina. Pacha Cosme na Damião." Aliugeuza. "Delmira. Honorato." Akaugeuza tena upande wa kwanza, kisha wa pili, na sauti yake ikazidi kupungua.

"Endelea, Dokta," alisema hakimu.

"Wamekwisha."

"Na Felícia?"

"Hayumo, mheshimiwa."

Hapo Leocádio aliitwa. Aliweka nakala ya tangazo la faini juu ya meza, akawataja wale thelathini na mmoja, kisha akafunua kitabu Julai 1889 na kukisoma polepole. Alijizuia asieleze. Hakimu alivuta kitabu kwake, akasoma mwenyewe, akarudi nyuma kurasa kadhaa kumwangalia Kapteni katika ubatizo mwingine, na mwingine, na mwingine.

"Haya ni mashairi, mheshimiwa," alisema Evandro. "Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Kapteni ni baba. Alishika taji tu."

Hakimu alimtazama juu ya miwani. "Dokta Evandro, nasikia Pasaka ulimbatiza mwanao. Hongera."

"Asante, mheshimiwa."

"Baba wa ubatizo alikuwa nani?"

"Shemeji yangu."

"Kwa nini hukuwa wewe?"

"Mheshimiwa, baba hawezi kuwa..." Evandro alifunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Mtu mmoja nyuma alicheka, akakanyagwa mguu na mkewe.

Amri ya kumwondoa Bibi Querubina ilifutwa kabla ya chakula cha mchana. Kwa ukurasa alipewa onyo kali, akalipokea ameinamisha kichwa, na hakimu akaamuru urudishwe mahali pake. Leocádio alitoka nje akaegemea nguzo ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu Kwaresima hakutamani kuvuta.

Aliporudi ndani alimkuta Bibi Querubina ameketi mezani pa karani, kitabu mbele yake, kopo la nyuzi limefunguliwa.

"Nimeuharibu mimi, nautengeneza mimi," alikuwa akimwambia Mercês. "Watoto wa watu hawa. Watatafutwa siku moja."

Mercês aliuliza kama amletee glasi ya maji.

"Leo hapana, binti yangu. Nitungie sindano tu, macho yangu yana machozi."